Safi kwenye skrini, mbovu kwenye ubao: kutafuta kosa la picha za kijivu kwenye leza

Sentensi ninayoisikia kuliko zote kwa wanaochonga picha kwa leza ni hii: "Kwenye kompyuta ilikuwa safi, kwenye ubao limetoka doa." Anayeisema huwa ameshafungua mashine, ameshabadilisha lenzi, ameshakaza mikanda. Mara nyingi mashine haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye faili, tena lilikuwepo kabla leza haijawashwa.

Chanzo cha tabu yote ni kwamba leza haina wino wa kijivu. Inajua kuunguza na kuacha. Kijivu tunachokiona kwenye ubao hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutawanya nukta: programu huigeuza picha kuwa nukta nyeusi tupu, nyingi penye giza na chache penye mwanga, na jicho huzichanganya lenyewe. Kwenye menyu njia hii huandikwa Dither. Majina kama Floyd-Steinberg, Jarvis na Stucki ni kanuni tofauti za kuzitawanya nukta hizo. Ile ya Floyd na Steinberg ni ya mwaka 1976 na mpaka leo ndiyo ninayoanza nayo. Njia ya pili, inayoandikwa Grayscale, ni kupandisha na kushusha nguvu ya leza pikseli kwa pikseli. Ukiijua unayotumia kati ya hizo mbili, umeshaondoa nusu ya maswali.

Kabla ya yote: choma ngazi ya vivuli

Tengeneza picha ndogo yenye visanduku 11 vilivyopangwa mstari mmoja, kuanzia nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa, kila kimoja kikizidi giza kwa asilimia 10. Ichome kwenye kipande cha ubao uleule, kwa mipangilio ileile iliyoharibu picha yako. Ni kazi ya dakika chache.

Ukiweza kuhesabu visanduku vingi vinavyotofautiana, mashine na mipangilio viko sawa, na kosa liko kwenye picha. Visanduku vikigandana, kwa mfano kuanzia cha tano kwenda mbele vyote vikawa vyeusi, basi usiiguse picha. Rekebisha kwanza nguvu, kasi, fokasi na nafasi ya mistari. Sehemu zote zinazofuata zinategemea jibu la jaribio hili, kwa hiyo naomba usiliruke.

Picha imetoka nyeusi, nyuso hazitambuliki

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndilo tatizo linaloharibu mbao nyingi kuliko mengine.

Sababu inayoongoza ni vivuli vya kati kuwa na giza mno. Nukta ya leza huacha alama pana kuliko pikseli iliyoiagiza, maana joto husambaa kwenye nyuzi za mbao. Eneo ambalo kwenye skrini ni nusu giza, kwenye ubao hutoka na giza linalozidi nusu. Fungua histogramu ya picha, yaani grafu inayoonyesha wingi wa pikseli kwa kila kivuli, giza likiwa kushoto. Ukiona mlima wote umelundikana upande wa kushoto, usitafute mbali. Pandisha gama, kitelezi kinachoinua vivuli vya kati: anza na 1.4, choma sehemu ndogo yenye uso tu, kisha nenda hadi 1.8 kama bado ni nzito. Acha nyeusi ibaki nyeusi na nyeupe ibaki nyeupe. Kitelezi cha mwangaza wa jumla usikitumie; kinainua kila kitu pamoja, weusi unakuwa kijivu na sehemu za mwanga zinapotea kabisa.

Picha iliyo tayari kuchongwa huonekana mbaya kidogo kwenye skrini: imepauka na kingo zake zimekolezwa kupita kiasi. Wapiga picha wazuri huteseka hapa, kwa sababu macho yao yanawaambia wameiharibu. Amini ubao, usiamini skrini.

Picha za watu wenye ngozi nyeusi zinahitaji uangalifu wa pekee, na mafunzo mengi hayawagusi kabisa. Ukipandisha gama tu mpaka uso uonekane, utapata mtu mwingine. Fanya hivi badala yake: tenganisha kwanza uso na mandharinyuma, hiyo mandharinyuma uifanye nyeupe au kijivu hafifu sana. Kisha ongeza tofauti ndani ya uso wenyewe kwa kutumia kinyoosha vivuli, yaani Curves, ukiinua ile mianga ya asili kwenye paji, mfupa wa shavu, ncha ya pua na mdomo wa chini. Mianga hiyo ndiyo inayochora umbo la uso. Mwisho angalia mpaka kati ya nywele na ngozi. Visipotofautiana kwa daraja 30 hivi kati ya zile 256 za picha, leza itavigeuza kuwa kitu kimoja. Nimewahi kurudia picha ya bibi mmoja mara nne kwa sababu ya mpaka huo, na ya nne ndiyo familia yake ilimtambua.

Sababu ya pili ni mistari kubanana kuliko upana wa alama. Watu wengi huamini kwamba DPI kubwa, yaani mistari mingi kwa kila inchi, ni picha bora. Hesabu ni rahisi: gawa 25.4, yaani milimita za inchi moja, kwa nafasi ya mistari kwa milimita. Nafasi ya 0.1 ni DPI 254, na nafasi ya 0.05 ni DPI 508. Kama alama ya leza yako ina upana wa milimita 0.1 na umeweka 0.05, kila sehemu ya ubao inaungua mara mbili na hakuna nafasi iliyobaki nyeupe kati ya nukta. Choma miraba midogo ya kijivu cha asilimia 50 kwa nafasi tofauti, kuanzia 0.06 hadi 0.16, uchague ule ambao mistari inagusana bila kupandana. Nukta hizo zina urefu pia, si upana tu. Leza nyingi za dayodi hutoa nukta ya mstatili, hivyo kugeuza mwelekeo wa kuchonga kwa nyuzi 90 kunaweza kubadilisha matokeo waziwazi.

Baada ya hapo ndipo uishuku nguvu kuzidi au kasi kupungua. Halafu fokasi: fokasi ikikosewa kwa milimita moja au mbili, nukta inanenepa na picha inaziba hata kama mengine yote ni sahihi.

Sababu ya mwisho ni adimu, na ikitokea inapoteza siku nzima. Inahusu mashine zinazoendeshwa kwa GRBL, programu iliyo ndani ya kidhibiti cha mashine. Programu ya kompyuta hutuma nguvu kwa herufi S, na kidhibiti kinailinganisha na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye mpangilio wake uitwao $30. Programu ikituma hadi 1000 wakati $30 ni 255, kila kinachozidi 255 kinahesabiwa kuwa nguvu kamili. Dalili yake ni ya kipekee: picha ya njia ya Grayscale inatoka nyeusi karibu yote, lakini picha ileile kwa kutawanya nukta inatoka vizuri. Andika namba moja pande zote mbili, na hakikisha mpangilio wa $32 ni 1 ili kidhibiti kijue kinaendesha leza.

Picha imepauka, sehemu za mwanga zimetoweka

Safisha lenzi kwanza. Lenzi yenye masizi hula nguvu, na hili huwakuta wengi katikati ya oda kubwa.

Lenzi ikiwa safi, angalia kama unatumia Grayscale kwenye mashine ya CO2, yaani leza ya gesi, yenye mrija wa kioo. Mirija hiyo huwa haiwaki kabisa chini ya kiwango fulani, mara nyingi karibu na asilimia 10. Kila kivuli kinachoangukia chini ya hapo kinapotea, kwa hiyo mawingu, nguo nyeupe na ngozi nyororo havichongwi. Tafuta kiwango chako kwa kuchoma ngazi ya vivuli, kisha kiandike kama nguvu ya chini badala ya sifuri. Au hamia kwenye kutawanya nukta, ambako kila nukta inachomwa kwa nguvu ileile. Kwa picha za watu kwenye mbao, mimi huchagua kutawanya nukta karibu kila mara. Grayscale naiachia kazi ambazo kina kinatakiwa kibadilike, kama nitakavyoeleza chini.

Inawezekana pia picha haina tofauti ya kutosha. Nyosha viwango (Levels) mpaka pikseli nyeusi kuliko zote iwe 0 na nyeupe kuliko zote iwe 255. Na mara nyingine ni ubao wenyewe. Mbao zenye utomvu mwingi huungua kwa mabaka: sehemu laini hukolea na sehemu ngumu ya mstari wa mwaka hukataa. Hakuna marekebisho ya picha yatakayoshinda hilo. Badilisha ubao.

Vidoti vimetapakaa mahali palipotakiwa kuwa peupe

Nyeupe yako si nyeupe. Gusa mandharinyuma kwa kipimarangi cha programu uone namba. Ukikuta 248 au 251 badala ya 255, kanuni ya kutawanya nukta itaheshimu kijivu hicho kidogo na kudondosha nukta hapa na pale. Shusha kikomo cha nyeupe kwenye Levels hadi kivuke namba hiyo, au ifute mandharinyuma kwa mkono.

Vidoti vikijikusanya kama vigae vidogo vya mraba kando ya kingo, hayo ni makovu ya JPEG, ambayo hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Picha iliyotumwa mara kadhaa kwa programu za ujumbe huwa nayo tele. Omba faili la asili. Kulainisha makovu husaidia kidogo tu, na hula kope na nywele.

Kosa lingine la jamii hii: mtu anatawanya nukta kwenye programu ya picha, kisha anahifadhi kama JPEG. Nukta zilizokuwa nyeusi na nyeupe tupu zinapata ukungu wa kijivu. Hifadhi kama PNG au BMP. Ukitumia PNG, ondoa kwanza sehemu zinazopitisha mwanga na uziwekee nyeupe. Kuna programu huzisoma kama nyeusi, na fremu nzima ikaungua.

Mawimbi, mistari ya mlalo, au nakshi ya ajabu juu ya picha

Tofautisha kwanza. Je, ni nakshi inayojirudia kama wavu, au ni mistari ya mlalo tu?

Nakshi ya wavu kwa kawaida hutokana na picha kubadilishwa ukubwa mara mbili. Umetawanya nukta kwa DPI 300, programu ya leza inaichukua na kuipima upya kwa DPI 254, na nukta zinagombana. Chagua njia moja. Ama mpe leza picha laini ya kijivu na umwachie mtawanyo wote, ama uandae kila kitu mwenyewe kwa pikseli kamili kisha uwashe chaguo la kupitisha picha bila kuiguza, ambalo programu ya leza ya LightBurn huliita Pass-Through. Picha ya upana wa milimita 100 kwa nafasi ya 0.1 inatakiwa iwe na pikseli 1000. Si 1024, si 1080. Ukiandaa mwenyewe, ukubwa usibadilike tena, hata kwa kuvuta kona kidogo ili itoshe. Picha iliyoskaniwa kutoka gazetini hubeba tayari nukta za mtambo wa kuchapa. Ilainishe kidogo kabla ya kuipunguza.

Mistari ya mlalo inayokuja kwa umbali sawa ni habari ya mashine. Angalia magurudumu na reli kama zina uchafu, kisha mkanda wa mhimili unaosogea kwa hatua ndogo, kisha skrubu ya puli. Isipokuja kwa umbali sawa, shuku umeme unaoyumba au moshi unaopita mbele ya mwale. Kwenye kuchonga picha, upepo wa pampu usiwe mkali. Unatosha ule wa kuizuia lenzi isishike masizi. Upepo mkali huutandaza moshi juu ya sehemu nyeupe na kuacha vivuli vya kahawia.

Kingo zina ukungu, au mistari ya wima imekuwa msumeno

Zima uchongaji wa kwenda na kurudi, choma tena kwa upande mmoja tu. Msumeno ukitoweka, mistari ya kwenda na ya kurudi haikutani.

Kuna visababishi viwili, na kasi ndiyo inavitenga. Choma mistari ya wima kwa kasi tatu tofauti. Pengo likibaki lilelile, ni ulegevu wa mkanda au wa kichwa cha leza. Pengo likikua kadiri kasi inavyokua, ni ucheleweshaji wa kuwaka. Kwa kasi ya milimita 200 kwa sekunde, kuchelewa kwa nusu ya milisekunde kunasogeza nukta milimita 0.1, na kwa kuwa kila upande unasogea kinyume na mwenzake, pengo ni 0.2, yaani mistari miwili mizima. Mkanda hukazwa. Ucheleweshaji husahihishwa kwa jedwali la Scanning Offset, ambalo kila kasi ina namba yake.

Kingo za kushoto na kulia zikiwa nyeusi kuliko katikati, kichwa kinapunguza mwendo ndani ya picha. Umbali unaohitajika ni kasi kuzidishwa kwa yenyewe, kisha kugawanywa kwa mara mbili ya mchapuko. Kwa milimita 100 kwa sekunde na mchapuko wa milimita 1000 kwa sekunde kwa sekunde, hiyo ni milimita 5. Ukiongeza kasi mara mbili, ni milimita 20. Weka Overscan, yaani mwendo wa ziada nje ya picha, inayofikia hapo, na usisahau kubakiza nafasi kwenye meza ya mashine.

Mtu amekuwa kama filamu hasi

Baadhi ya vitu hung'aa vinapochongwa badala ya kukolea: jiwe la sleti, kioo, akriliki nyeusi, alumini iliyotiwa rangi. Hapo picha inabidi igeuzwe, nyeupe iwe nyeusi. Ukichonga nyuma ya kitu kinachopitisha mwanga, igeuze pia kushoto kulia. Igeuze mara moja tu, ama kwenye picha ama kwenye programu ya leza.

Mashine inakwamakwama na kuacha matundu madogo

Hiyo ni data kutofika kwa wakati. Waya wa USB kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 11,500 kwa sekunde. Pikseli za 0.1 kwa kasi ya milimita 6000 kwa dakika ni pikseli 1000 kwa sekunde, na kila moja ya Grayscale inaweza kuhitaji herufi 9 au 10. Umefika ukingoni kabisa. Punguza kasi, ongeza nafasi ya pikseli, tumia kutawanya nukta, au endesha kutoka kadi ya kumbukumbu kama mashine inakubali.

Mchongo wa kina umetoka na ngazi za milima

Picha ya kawaida si ramani ya kina. Kwenye mchongo wa kina, mwanga unamaanisha urefu, lakini kwenye picha ya mtu mwanga unamaanisha taa ilipokuwa. Ndiyo maana pua yenye mwanga hutokeza na shavu lililo kivulini huwa shimo. Tumia ramani ya kina iliyotoka kwenye umbo la pande tatu. Ngazi hizo hutokana na faili la biti 8 lenye daraja 256 tu. Tafuta faili la biti 16, na hakikisha programu yako inalisoma bila kulipunguza.

Simama hapa, mwite fundi

Kuna dalili ambazo hazitibiki kwa kubadilisha picha, na kuendelea kujaribu ni hatari.

Zima mashine mara moja ukisikia mlio wa cheche karibu na mrija wa CO2, ukiona maji yakivuja ndani, au mrija ukiwa na ufa. Kifaa cha umeme cha mrija huo hutoa volti za maelfu kwa maelfu, na kinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usikifungue. Ni kazi ya fundi aliyesomea umeme wa volti kubwa.

Usichonge plastiki usiyoijua. PVC na ngozi bandia zenye PVC hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu na kuozesha mashine. Ukinusa harufu kali inayochoma pua, zima, ondoka chumbani, fungua madirisha kutoka nje kama inawezekana.

Miwani iendane na urefu wa mawimbi ya leza yako. Dayodi za buluu ziko karibu na nanomita 450, leza za nyuzi za kioo (fiber) ziko 1064, CO2 iko 10,600, na miwani ya moja haikulindi dhidi ya nyingine. Mwale wa 1064 hauonekani. Retina haina hisia ya maumivu, kwa hiyo ukihisi kwamba mwale umekupiga jicho, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo hata kama huumwi. Na kama swichi ya mfuniko imeacha kufanya kazi, leza ikaendelea kuwaka mfuniko ukiwa wazi, usiiunge kwa waya ili umalizie oda.

Mwali mdogo unaowaka kwa sekunde moja na kuzimika ni jambo la kurekebisha kwa kasi na upepo. Mwali unaobaki hata baada ya kichwa kupita ni wa kusimamisha kazi papo hapo. Kwa hiyo usiondoke pembeni mwa mashine picha ikichongwa, hata ikiwa ni ya saa tatu.